Muulizeni Saisi Kwanza

Tarehe 6 Agosti 2021, jijini Tokyo, farasi aitwaye Saint Boy alikataa, na dunia nzima ikamwona akikataa. Aliyempanda ni Annika Schleu wa Ujerumani, ambaye hadi saa hiyo ndiye aliyekuwa akiongoza pentathloni ya kisasa ya wanawake, mchezo wa Olimpiki ambao wakati huo ulichanganya vitara, kuogelea, kupanda farasi, mbio na kulenga shabaha. Dhahabu ilikuwa inanukia. Farasi akarudi kinyumenyume, akazunguka palepale, akaruka vizuizi kadhaa, kisha akagoma. Schleu alikuwa akilia juu ya tandiko huku akimchapa. Mwalimu wake, Kim Raisner, akiwa ng'ambo ya uzio, alimhimiza azidishe fimbo, na yeye mwenyewe akamtwanga mnyama ngumi. Raisner alifungiwa kuendelea na michezo ile. Schleu aliporomoka hadi nafasi ya 31.

Watu wengi walimmiminia lawama mwanamke yule, na wengine wakamtukana mitandaoni kwa maneno yasiyosemeka. Kwa maoni yangu, kosa lilitendeka kabla hajapanda. Katika pentathloni ya wakati ule, mwanamichezo hakuja na farasi wake. Alipewa kwa kura, akapata dakika 20 za kuzoeana naye, kisha wakaingia uwanjani. Wazo lilitokana na mchezo wenyewe ulivyobuniwa na Pierre de Coubertin na kuchezwa mara ya kwanza Stockholm mwaka 1912: askari aliyekwama upande wa adui lazima aweze kumpanda farasi yeyote atakayemkuta njiani. Kwa hadithi ya vita, inapendeza. Kwa farasi mwenye hofu, ni mateso. Tena Saint Boy alikuwa ameshagoma mapema siku ileile chini ya mpandaji mwingine, Gulnaz Gubaydullina wa Urusi. Yaani jibu alikwisha kulitoa, mbele ya waamuzi na kamera. Akaletewa mtu mwingine asiyemjua, akatakiwa aruke.

Swali linalonishughulisha tangu siku ile ni nani mwenye haki ya kusema kwamba leo farasi huyu hawezi. Mpandaji ana medali kichwani. Mwenye farasi ana gharama zake. Mkufunzi ana jina la kulinda. Daktari wa mifugo anamwona mnyama kwa dakika chache, akimtazama anavyotembea na anavyokwenda matiti kwenye ardhi ngumu, kisha anamgeukia anayefuata. Anayebaki ni yule aliyeamka naye.

Nairobi wapo watu wanaoifanya kazi hiyo ya kuamka na farasi na kumtunza, na wamekuwepo tangu mbio za farasi zilipoanza nchini Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita. Wanaitwa masaisi. Katika mabanda ya uwanja wa Ngong, ambao umekuwa makao ya mbio hizo tangu mwaka 1954, siku yao huanza kabla hakujapambazuka. Saisi anayeijua kazi yake haanzi kwa kumgusa farasi. Anatazama ndoo kwanza: chakula cha jana usiku kimekwisha au kimebaki? Anatazama kinyesi: ni kigumu kama kawaida, au kimelainika kwa wasiwasi? Anatazama maranda yaliyotandazwa chini. Yakiwa yamechimbwa njia ya mviringo kufuata kuta, mnyama alikesha akizunguka. Halafu anatazama ubavu. Maranda yaliyonasa kwenye manyoya ni habari njema, kwa sababu farasi husinzia akiwa amesimama, lakini usingizi wake mzito hauji mpaka alale chini, na farasi asiyejiona salama halali chini. Baada ya hapo ndipo anapoinama na kupitisha kiganja miguuni, mguu mmoja baada ya mwingine, akitafuta joto ambalo jana halikuwepo.

Hayo yote hufanyika kimya, kwa muda usiofikia wa kunywa kikombe cha chai. Mwisho wake, mtu huyo anajua kuhusu farasi yule mambo ambayo kadi ya mbio haitayaandika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na saisi ndiye anayekilalia.

Ili kuelewa kwa nini ishara ndogo kama hizo zina uzito, yafaa kukumbuka farasi ni mnyama wa namna gani. Ni mnyama wa kuwindwa. Mamilioni ya miaka amesalia duniani kwa kukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu duara zima, isipokuwa sehemu finyu mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia. Masikio yake hugeuka kila moja upande wake. Akiwa ametulia, moyo wake hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Akipiga shoti, hupita mara 200. Bandama yake ni ghala la chembe nyekundu za damu, na akishtuka tu hujikunja na kuzimwaga mwilini ili misuli ipate hewa ya kutosha kukimbilia. Kwa hiyo farasi anayekurupuka kwa sababu ya mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo anafanya kile ambacho mwili wake umeumbwa kukifanya. Kumwita mkaidi ni kumwonea.

Mgiriki Xenophon, aliyeandika kuhusu farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alionya kwamba kumsogelea farasi kwa hasira ni kujitafutia majuto, na kwamba anayemchapa mnyama kwa kuogopa kitu anamfundisha kukiogopa zaidi, maana sasa kitu hicho kimeambatana na maumivu. Tokyo ilikuwa na satelaiti, na waamuzi wenye vyeti. Onyo hilo la kale halikufika uwanjani.

Nianze basi na jambo ambalo wapandaji wengi hulikwepa: kinachoitwa woga mara nyingi ni maumivu. Jino lililochongoka, tandiko linalobana, mgongo uliovutika, kwato iliyopata jeraha kwa ndani. Sue Dyson, daktari wa farasi wa Uingereza, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2018 orodha ya tabia 24 za farasi aliyepandwa. Nyingi ni zile ambazo mabandani huitwa utundu: masikio kulazwa nyuma kwa sekunde tano au zaidi, kinywa kufunguka na kufungwa, mkia kupigwapigwa, kichwa kurushwa, ulimi kuchomoza, miguu kujikwaa. Farasi anayeonyesha nane au zaidi kati ya hizo, walisema, kuna uwezekano mkubwa ana maumivu katika misuli au mifupa. Orodha hiyo haihitaji mashine yoyote. Inahitaji mtu anayetazama bila haraka, na ambaye hana cha kupoteza akisema alichokiona.

Halafu kuna tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana, akila asile, kwa sababu limeumbwa kwa ajili ya mnyama anayechunga kwa saa 16 au zaidi kwa siku. Mate ndiyo yanayopooza asidi hiyo, na farasi hatoi mate mpaka atafune. Sasa mfungie bandani, mpe milo miwili au mitatu ya nafaka, mkimbize akiwa tumbo tupu. Asidi inarukaruka na kuchoma sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga. Ndiyo maana vidonda vya tumbo hupatikana kwa zaidi ya nusu ya farasi wanaofanyishwa mazoezi ya mbio. Farasi mwenye vidonda hukonda, huacha chakula, hukunja uso akifungwa mkanda wa tandiko, na hurushia mateke upepo. Watu husema ana roho mbaya.

Tiba ya daktari ipo, lakini nusu ya kazi iko mikononi mwa anayelisha. Majani makavu kwanza, nafaka baadaye na kwa kiasi. Konzi kadhaa za majani ya Boma Rhodes au lusani kabla ya kutandikwa hutandaza zulia tumboni, asidi isiruke. Saa za kutosha nje, malishoni, akiwa na mwenzake anayemwona. Najua ardhi ya Nairobi ni ghali na malisho yanazidi kupungua. Hata hivyo, farasi anayefungiwa saa 23 kwa siku halafu akatolewa saa moja na kutakiwa awe mtulivu hajatendewa haki.

Kuhusu upweke, mfano ninaoupenda zaidi unatoka Marekani. Seabiscuit alizaliwa mwaka 1933. Akiwa na umri wa miaka miwili tu alikimbizwa mbio 35, idadi inayotisha hata kwa farasi aliyekomaa. Mwaka 1936 alinunuliwa na Charles Howard kwa dola 8,000 na kukabidhiwa kwa mkufunzi Tom Smith, mzee mkimya aliyewahi kuishi na farasi wa mwituni na wa mashambani. Smith alipokea mnyama aliyekonda, asiyekula vizuri, anayezunguka bandani usiku kucha na kulowa jasho akiona tandiko. Mkufunzi mwingine angeongeza mazoezi ili amchoshe. Smith akamtafutia rafiki.

Alianza na mbuzi. Inasimuliwa kwamba Seabiscuit alimng'ata mbuzi yule, akamtikisa na kumtupa nje ya banda. Smith hakukata tamaa. Akaleta farasi mzee mtulivu aitwaye Pumpkin, na safari hii mambo yakakubali. Ukuta kati ya mabanda mawili ukabomolewa ili wakae pamoja. Baadaye akaongezeka mbwa wa mitaani, kisha tumbili, na wote wakalala humo na farasi yule. Smith aliamuru asiamshwe mapema. Alimwacha akimbie anavyotaka mpaka alipogundua mwenyewe kwamba hakuna anayemlazimisha. Naona watu hukumbuka kasi ya Seabiscuit na kusahau kwamba kilichomrudishia kasi hiyo ni usingizi na ujirani.

Ukweli mwingine katika kisa hicho unahusu mpinzani wake. Tarehe 1 Novemba 1938, uwanja wa Pimlico, Baltimore, Seabiscuit alikutana na War Admiral ana kwa ana. War Admiral alikuwa bingwa wa nchi, na watu wengi waliweka pesa zao kwake. Lakini alijulikana kuwa na shida ya kutulia pale mbio zinapoanzia. Safari hii mbio zilipangwa kuanza bila vizimba, farasi wakitembea hadi mstarini na kengele kupigwa. Smith alitengeneza kengele yake na kumzoeza Seabiscuit kuondoka kila inapolia. Siku ilipofika, farasi aliyewahi kuwa kichaa wa wasiwasi alichomoka mbele ya bingwa, akashinda kwa urefu wa farasi wanne. Hofu ilikuwa haijamtoka Seabiscuit. Alichokuwa nacho ni kitu anachokijua kwa yakini: kengele ikilia, ninafanya hivi.

Hapo ndipo mafunzo ya farasi mwoga yalipolala. Humfundishi farasi asiogope kwa kumzamisha ndani ya anachokiogopa hadi aache kupigana. Farasi aliyeacha kupigana huenda ameganda tu, na kuganda si kutulia, kwani siku moja huyeyuka ghafla na mtu akaumia. Njia inayofanya kazi ni ya polepole. Vizimba vya kuanzia mbio, kwa mfano, ni sanduku la chuma lenye kelele ambalo farasi yeyote mwenye akili angelikwepa. Siku ya kwanza anapitishwa katikati milango yote ikiwa wazi, mbele na nyuma, akifuata farasi mzoefu. Akitulia, anatolewa hapohapo. Kutolewa ndiko zawadi yake. Siku nyingine anasimamishwa humo kidogo, akapewa konzi ya chakula. Baadaye unafungwa mlango wa nyuma. Mlango wa mbele hufungwa mwisho, na kabla hajaanza kutetemeka uwe umeshafunguliwa. Anayeharakisha hatua moja hulazimika kurudi nyuma hatua tatu, maana farasi anaweza kujifunza hofu kwa tukio moja, na hofu hiyo haifutiki. Inafunikwa tu na mambo mema yaliyorudiwa mara nyingi.

Wasomaji wa Dar es Salaam wamewaona farasi wa polisi nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga, wakiwa wamesimama katikati ya mavuvuzela na bendera. Farasi yule hakuzaliwa bila hofu. Kuna mtu alimpigia ngoma kwa mbali akiwa anakula, kisha akaisogeza ngoma kidogo kila siku. Mashabiki wanaompita kwa furaha wakipeperusha vitambaa vyao usoni mwake hawajui ni kazi ya miezi mingapi wanayoijaribu.

Kuna jambo moja dogo ambalo masaisi wengi hulifanya bila kufundishwa, na sayansi imekuja kuwaunga mkono. Mwaka 1993 watafiti wawili walipima mapigo ya moyo ya farasi waliokuwa wakikunwa sehemu mbalimbali za mwili. Walipokunwa pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi wenyewe hukunana kwa meno, mapigo yalishuka. Walipokunwa mahali pengine hayakushuka vile. Mtazame saisi mzoefu akiwa na farasi mwenye wasiwasi. Hampigi makofi shingoni kama wafanyavyo wapandaji wakifurahi. Vidole vyake vimezama kwenye manyoya ya pale juu, vinakuna taratibu, na mdomo wa juu wa farasi unaanza kurefuka na kutikisika. Kichwa kinashuka. Anapumua kwa pua akitoa sauti, kisha anatafuna hewa. Binadamu mwenyewe anatazama pembeni, kana kwamba hana habari.

Kutazama pembeni kuna maana yake pia. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walifanya jaribio rahisi sana. Waliwaambia watu waongoze au wapande farasi kupita njia ileile mara nne, na kwamba katika mara ya nne mwavuli utafunguliwa ghafla mbele yao. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo, watu walipokuwa wakiutarajia, mapigo ya mioyo yao yalipanda, na ya farasi nayo yakapanda, ingawa farasi hawakujua lolote kuhusu mwavuli. Hofu ilisafiri kupitia kamba, kiganja, pumzi na mapaja. Sasa warudishe hao wawili Tokyo: mwanamke anayeona ndoto yake ikiyeyuka, anayelia kwa sauti, juu ya mnyama ambaye ameshatishwa siku hiyohiyo. Kila mmoja alikuwa akimthibitishia mwenzake kwamba hatari ipo.

Je, utajuaje basi kwamba farasi wa namna hii yuko tayari kwa mashindano? Watu wengi hupima kwa kilichofanyika nyumbani. Ameruka vizuri wiki nzima, basi yuko tayari. Kipimo hicho ni dhaifu. Nyumbani anazijua kuta, anawajua jirani zake, anajua jogoo atawika wapi. Mpeleke kwanza uwanjani siku ambayo hashindani. Ashushwe kwenye lori, asimame, ale majani yake, anywe maji, atazame wengine wakikimbia, arudi nyumbani. Afanye hivyo mpaka safari yenyewe imchoshe kwa kuzoeleka. Farasi asiyekunywa maji ugenini hayuko tayari, hata kama mwili wake umeiva kwa mazoezi, kwa kuwa asiyekunywa anakaribisha msokoto wa tumbo, na msokoto huua.

Kipimo kingine, ambacho kwangu ndicho kikuu, ni muda wa kurudi. Farasi atashtuka tu. Kipaza sauti kitalia, mtoto atapasua puto. Usihesabu mara anazoshtuka. Tazama inamchukua muda gani kushusha kichwa tena, kugeuza sikio kwa anayemwongoza, kuvuta pumzi. Yule anayeruka kwa kishindo lakini baada ya pumzi chache ametulia ana nafasi. Yule asiyeruka kabisa, aliyekaza shingo, macho yameonyesha weupe, pua zimepanuka na kila mshtuko unajipachika juu ya uliotangulia, huyo ndiye wa kurudishwa bandani.

Mbio za masafa marefu, ambazo nchi za Ghuba huzipenda sana, zimeugeuza muda huo wa kurudi kuwa sheria. Kila kituo farasi husimamishwa, na mapigo ya moyo wake sharti yashuke ndani ya dakika zilizowekwa. Kwa miaka mingi kiwango kilichozoeleka ni 64 kwa dakika. Asiposhuka, safari yake imeishia hapo, hata kama anaongoza kwa kilomita nzima na mwenye kumiliki ni mtu mkubwa. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu haibembelezeki. Haijaondoa mabaya yote katika mchezo ule, na farasi wengi wamevunjika miguu majangwani, lakini angalau imekubali kwamba mwili wa mnyama una kura.

Njia ya mkato ipo, na kila anayefuga farasi anaijua. Sindano ya dawa ya kutuliza, naye anakuwa kondoo. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi limezipiga marufuku dawa hizo mashindanoni, na sampuli za damu na mkojo huchukuliwa. Marufuku hiyo hulinda haki ya ushindani, lakini kwangu sababu nzito zaidi ni ya uhai: farasi aliyelewa dawa hahisi vizuri miguu yake iko wapi, na anatakiwa kuruka kizuizi kinachofika kifuani akiwa na mtu juu yake. Kama hawezi kusimama uwanjani bila sindano, mwili wake umeshajibu.

Narudi kwa mtu wa bandani, maana naona historia imemtendea vibaya. Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kupata leseni ya ukufunzi wa farasi wa mbio nchini Kenya akiwa kijana kabisa, anakumbukwa kwa kuruka peke yake kwa ndege kuvuka Atlantiki mwaka 1936 na kwa kumshindisha Wise Child, farasi jike mwenye miguu mibovu, katika mbio za St Leger za Kenya mwaka 1926. Bega kwa bega naye katika kazi ya farasi alikuwa arap Ruta, rafiki yake wa utotoni. Markham mwenyewe amemwandika kwa heshima katika kitabu chake cha mwaka 1942. Lakini taja mbio hizo leo popote, utasikia jina la farasi na jina la Markham. La arap Ruta lazima ulichimbe.

Mambo hayajabadilika sana. Kadi ya mbio kwa kawaida hutaja farasi, mwenye farasi, mkufunzi, joki na uzito. Aliyekesha hatajwi. Na mtu asiyetajwa ni vigumu kumwambia bosi wake, Jumapili saa nne asubuhi, wageni wameshaalikwa na ada imeshalipwa, kwamba farasi hakulala na tusimkimbize leo. Akisema na farasi mwingine akashinda, ataambiwa amewanyima watu ushindi. Akinyamaza na farasi akaanguka, hakuna atakayemuuliza alichokiona alfajiri.

Pentathloni ilichagua kukimbia tatizo. Novemba 2021 shirikisho lake lilitangaza kwamba farasi wataondolewa, mwaka uliofuata likapitisha mbio za vikwazo vya kuparamia na kuning'inia kuchukua nafasi yao, na Paris 2024, katika bustani za kasri la Versailles, ikawa Olimpiki yao ya mwisho katika mchezo huo. Naelewa uamuzi ule. Lakini mbio, kuruka na matembezi marefu vitaendelea kuwa na farasi, na kwa hao jibu haliwezi kuwa kuwafukuza.

Pendekezo langu kwa wanaoendesha mashindano, Ngong na kwingineko, ni dogo. Kabla daktari hajasaini kwamba farasi anafaa, iwepo karatasi ya saisi yenye mistari michache: amekula? amekunywa? amelala chini? mguu una joto? kuna lolote usilolizoea? Chini yake jina lake kamili na sahihi yake, pamoja na kanuni kwamba mstari mmoja ukijibiwa vibaya, farasi anachunguzwa upya kabla ya kutandikwa, na kwamba hakuna saisi atakayepoteza kazi kwa alichokiandika. Karatasi hiyo iandikwe kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ya mabandani, na ijazwe kabla jua halijachomoza, wakati bado hakuna tajiri aliyefika.